Udiwani wa Glenys Purdew

Glenys Purdew alikubali jina lake liwekwe kwenye karatasi ya kura kwa sababu tu aliona haya kukataa. Aliyemwomba ni binamu yake Rhoda, katibu wa chama wilayani.

"Wewe tia sahihi tu," Rhoda alimwambia. "Kata hiyo ni ya Desmond miaka nenda miaka rudi. Hutashinda hata ukitaka. Sisi tunachotaka, chama kisionekane kimekimbia."

Miaka thelathini na mmoja Glenys alikuwa amewapakulia watoto wa shule ya Marlby chakula cha mchana. Sasa alikuwa amestaafu, na hakugonga mlango wa mtu kuomba kura. Alhamisi, siku ya kura, alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa, akashika penseli, akaweka alama mbele ya jina la Desmond Thurlby. Desmond ndiye aliyehangaika mpaka mtaro wa nyuma ya nyumba yake ukazibuliwa mwaka ule wa mafuriko. Angemnyimaje?

Kesho yake adhuhuri, kura zikihesabiwa kwenye ukumbi wa michezo, Glenys alitazama rundo lake likinenepa akadhani amesimama meza isiyo yake. Desmond alikuwa upande wa pili, mikono nyuma. Tangu anyooshe mkono kwenye baraza la madiwani kuunga mkono mpango wa kujenga nyumba mia mbili kwenye shamba la Coldham, watu walikuwa wakimsalimia kwa mkato.

Msimamizi akasoma. Purdew, mia nne kumi na mbili. Thurlby, mia tatu tisini na nane.

Watu wa Rhoda walipiga makofi. Glenys alimfuata Desmond, asijue la kumwambia.

"Pole, Desmond."

"Wamenichoka mimi, Glenys. Si kwamba wamekutaka wewe." Kisha akainamisha kichwa. "Samahani. Hilo ningelimeza."

"Samahani ya nini? Si ndivyo ilivyo."

Garini alimwambia Rhoda kwamba Jumatatu anajiuzulu.

"Na hao mia nne utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unatania?"

Maneno yale yalimkaa Glenys. Pengine wengine walikuwa watoto aliowapakulia, sasa wana watoto wao. Pengine wengi hawakumjua kabisa, walitaka tu kumwadhibu Desmond. Hakuwa na njia ya kuwatenganisha.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Desmond, akamkuta na kandambili, hajanyoa.

"Nilikupigia kura," alimwambia pale pale mlangoni.

Desmond alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ungewageuza wanane tu wa kwako, mama, leo ningekuwa bado diwani."

"Nifundishe kazi."

Desmond aliingia ndani, akatoka na koti. Mtaa wa Tanner alikuwapo Bi. Okell, ukuta wake ukivuja tangu Novemba, na Desmond alikuwa amemwahidi kupita siku hiyo.

Bi. Okell aliwafungulia, akawatazama mmoja mmoja. "Sasa diwani ni nani hapa?"

Desmond alitazama viatu vyake.

"Mimi," Glenys alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na sauti ilimtoka ndogo.

"Na huyu umemleta wa nini?"

"Yeye ndiye anayeujua ukuta wenyewe."

Waliingia wote. Walipotoka, Desmond alimwambia kwamba kwingine aende peke yake. Yeye kusimama nyuma ya mtu hakuzoea, na kulimuuma kuliko alivyodhani. Glenys hakumbembeleza.

Hakujiuzulu. Ukuta wa Bi. Okell ulitengenezwa mwezi wa Agosti. Nyumba za Coldham zilijengwa vilevile, maana kibali kilikuwa kimeshatoka, na wako waliomsimamisha dukani kumuuliza walimpeleka barazani kufanya nini. Aliwaeleza kibali kinavyotolewa. Wachache walimsikiliza mpaka mwisho.