Mchwa Waliokula Shaba

Mbuzi aligusa uzio wa transfoma, akaanguka miguu juu. Akafa palepale, mchana kweupe.

Ilikuwa Arua, mwaka 1974, kwenye kinu cha kuchambua pamba mtaa wa Oli. Mimi Zubeiri ndimi niliyekuwa fundi umeme. Mbuzi alikuwa wa bosi wetu, Afande Lado, mwanajeshi aliyepewa kinu baada ya Wahindi kufukuzwa.

"Ondoga iko na dawa!" Afande akafoka. "Jana mimi natukana yeye, leo mbuzi yangu nakufa!"

Ondoga alikuwa mlinzi wetu, mzee wa kijiji cha Ajia. Askari walishamfunga mikono, gari linanguruma. Na miaka ile, jamani, aliyepandishwa gari lile hakurudi.

"Afande, tafadhali. Niangalie waya kwanza."

"Angalia mbio!"

Nikakata umeme, nikaingia. Kikombe kimoja cha kaure kinachoshika waya mkubwa kilikuwa na ufa, umeme ukavujia kwenye chuma cha uzio. Sasa kazi ya kuupeleka ardhini ni ya waya mnene wa shaba, niliouzika kwa mikono yangu baada ya kuutia alama kwa patasi.

Nikafukua. Loh! Umekatwa kwa msumeno, umebaki kipande.

"Afande, mzee hana kosa! Waya wa ardhi..."

Hapo Kaltumu, bibi arusi wa Afande, akatokea na chai. Mikononi ana bangili mpya za shaba, nene, zilizofuliwa Koboko kwa ajili ya harusi. Moja bado ina alama ya patasi yangu.

Na ufunguo wa uzio tulikuwa nao wawili tu, mimi na Afande.

Afande akaona ninakotazama. Mkono wake ukashuka kwenye bastola.

"Waya iko wapi?" akauliza polepole.

Nikashusha macho chini.

"Mchwa, Afande. Wamekula."

Fundi mzima nasema mchwa wanakula shaba!

Mkono wake ukaiachia bastola.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Muchwa ya hapa iko mubaya sana. Fungua muzee."

Ondoga alivuka mpaka kwenda Zaire siku ileile, hata hakuaga. Mimi nikazika waya mwingine, nikamwaga zege juu yake.

Mafundi wenzangu, kagueni waya wa ardhi kabla ya kuwasha chochote. Na mkikuta haupo, angalieni kwanza nani amesimama nyuma yenu, ndipo mfungue mdomo.