Bakuli Lililotolewa Majivuni

Harufu ya oili chafu ya magari ikiungua ndiyo iliyoniamsha kila Jumamosi ya utoto wangu pale Majengo, Nyeri. Mama yangu, Wangeci, alikuwa na tanuri la matofali nyuma ya chumba chetu cha kupanga. Humo aliyeyusha chupa kuukuu za soda na bia, akazipuliza kwa bomba la chuma, akatoa glasi na mabakuli. Majirani walikohoa, wakafunga madirisha, wakamwita Mama Chupa, na ndio hao hao walioazima glasi zetu kila walipopata wageni. Wachuuzi walichukua kazi zake wakaenda kuziuza Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa huko ni nani aliyezitengeneza. Hilo lilimkera mama kuliko moshi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nikimkuta amekaa anageuza glasi mkononi, nilijua anachowaza.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwezi wa Julai, baridi ikiwa ya kukata masikio, kulitangazwa kanisani kwamba mafundi wa kioo watakutana kwenye uwanja wa ukumbi wa mtaa. Mwanamke mmoja mweusi kutoka ng'ambo, fundi wa kioo yeye mwenyewe, alikuwa amechoka kuona maonyesho yasiyo na watu wa rangi yetu. Alitaka tusherehekewe kwetu, tukiwa kazini, mbele ya watu wetu. Kazi moja angeichagua aende nayo kwenye maonyesho, na jina la aliyeitengeneza lingewekwa kando yake. Siku hiyo mama alirudi nyumbani akachukua msumari, akaunoa kwenye jiwe la mlangoni. Alitaka kuandika jina lake chini ya bakuli, kwa mara ya kwanza maishani.

Wazo lilikuwa zuri, kisha likaundiwa kamati. Sijui ni nani aliyeturoga sisi watu wa milimani. Hatuwezi kufanya jambo bila kamati, kamati haiwezi kukaa bila mwenyekiti, na mwenyekiti hapati usingizi mpaka apate mgeni rasmi. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Ngatia, mstaafu aliyenifundisha darasa la tatu, ambaye kioo pekee alichowahi kushika ni miwani yake. Aliandika ratiba ya kurasa mbili: maombi, wimbo, utambulisho wa wazee, utambulisho wa wake za wazee, salamu kutoka Mukurweini, salamu kutoka Mwea, shairi, wimbo tena. Mafundi aliwaweka mwisho kabisa, baada ya chakula. Mama alimweleza kwamba tanuri likishawaka halingoji salamu za mtu. Akajibiwa kwamba si heshima mgeni rasmi kukuta kazi imeanza bila yeye.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja ambaye sitamtaja, alitarajiwa saa tatu asubuhi akafika saa nane mchana. Heri mama hakungoja. Alfajiri, wazee wakiwa bado wanabishana kuhusu viti, alikuwa ameshapuliza bakuli lake kwenye tanuri walilojengewa mafundi pale uwanjani, zito, la rangi ya kahawia, ukingo wake ukipanda na kushuka kama vilima vya kwetu. Akaandika jina kioo kikingali laini, kisha akalifukia bakuli kwenye pipa la majivu ya moto ya makapi ya mpunga, aliyoletewa na fundi mwenzake wa Wang'uru, kule Mwea. Kioo kikitoka motoni lazima kipoe polepole, usiku kucha. Kikipigwa na baridi mapema, kinapasuka. Yule mgeni wa ng'ambo, kwa kuwa ni fundi, alielewa na akakubali kuliona kesho yake. Mama akaniketisha kando ya pipa. "Hii haitoki mpaka kesho," akaniambia. "Hata akuje nani."

Basi wakala. Na hebu fikiria mwenyewe: siku ya kumsherehekea, mama yangu alifunga leso kiunoni akaingia jikoni na wanawake wenzake, akawa anawapakulia wazee mukimo. Hakuna aliyeona ajabu. Huko ndiko alikokuwa mama wakati mgeni rasmi alipotazama saa yake na kusema anangojwa kwingine. Mwalimu Ngatia akashikwa na kiwewe, maana kamati yake ilikumbuka kila kitu isipokuwa zawadi, na kwetu mgeni haondoki mikono mitupu hata mbingu zianguke. Akanijia mbio.

"Wewe Nyambura, toa hiyo bakuri haraka. Mgeni anaenda."

"Mwalimu, mama amesema mpaka kesho."

"Ati nini? Mtu mzima anakutuma na wewe unajibu? Si mimi nilikufunza adabu?"

Nikavaa glavu za mama. Mpaka leo najikasirikia. Nilijua, na bado nikalifukua, nikaliweka juu ya leso kwenye sinia. Mgeni rasmi akaliinua kwa ile leso ili apigwe picha, upepo wa mlimani ukavuma, likalia tik! Nusu ikabaki mkononi mwake, nusu ikaanguka kwenye nyasi. "Ilikuwa na kasoro kidogo," Mwalimu akasema kwenye kipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi! Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani amekuambia utoe?" Nikamjibu ni Mwalimu. Akatikisa kichwa, akainama akaokota vipande. Yule mwanamke wa ng'ambo aliondoka na bakuli la fundi wa Mukurweini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilisikia la mkuu, na jina la mama likavunjika vipande viwili.

Siku hizi mikutano kama ile hufanyika Nyeri na hata Karatina, na vijana wanajirekodi kwa simu wakipuliza kioo. Tanuri linatumia gesi, majirani hawakohoi. Kamati haijabadilika hata kidogo. Julai iliyopita, kwenye mkutano mmojawapo, mimi na mama tulitengeneza bakuli. Nilipuliza mimi kwa kuwa kifua chake hakiwezi tena, yeye akalizungusha, akalipa umbo, akaandika jina lake, tukalifukia majivuni. Adhuhuri mwenyekiti mpya akaja mbio: mgeni rasmi anaondoka, zawadi iko wapi? Nikasema halitoki. Akarudia, nikachukua kipaza sauti nikamjibu mbele ya umma kwamba halitoki hata akija malaika. Wazee wakaguna. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, aliinamisha kichwa.

Asubuhi yake tulilifukua pamoja. Lilikuwa zima. Mama akaligeuza, akapitisha kidole juu ya jina lake, herufi kwa herufi, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikingoja kumwona hivyo. Nikangoja aseme ahsante.

"Ni nzuri sana," akasema. Kisha akanitazama kwa masikitiko. "Lakini mami, kweli uliacha mgeni aende mikono mitupu?"