Siku Niliyomkimbiza Mama Mkwe Sokoni Nyamache

Sipendi kuisimulia habari hii, na wallahi ningeiacha ife na mimi, lakini maadamu mke wangu ameshawapa nusu, tena ile nusu mbaya, afadhali mwisikie yote kwa kinywa changu: ni kweli, mimi Athumani, mtu mzima na kofia yangu ya viua, nimewahi kumkimbiza mama mkwe wangu sokoni, mchana kweupe, watu wamejaa. Na si kumkimbiza tu. Nilimkamata.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka kwetu Mombasa na cherehani yangu, nikapata baraza ya duka mjini Kisii nikawa nashona, na haukupita muda nikamwoa Kemunto, binti wa kutoka upande wa Nyamache, akasilimu (mwenyewe, sikumlazimisha, msianze). Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nikaandaliwa ugali wa wimbi na mboga yao ya chinsaga, chungu, we! Mimi nimezoea mchuzi wa nazi, ulimi ukaniponyoka, nikamwambia Kemunto kwa sauti, "Hii kwetu hupewa mbuzi." Upande wa pili wa ukuta, jikoni alikokuwa mama mkwe na wenzake, mtu akacheka, kisha kukawa kimya. Nikajua nimeharibu.

Tangu siku ile mama mkwe hakukanyaga kwangu. Akija mjini kuuza ndizi anatuma jirani atuletee mkungu, yeye mwenyewe anasimama kule kwenye kona ya barabara, akiniona nachungulia anageuza uso. Basi nikaandika moyoni: mama huyu ananichukia. Na mimi, nisiwafiche, nikaanza kumchukia vilevile, nikawa nazila hata ndizi zake kwa hasira. (Sikuziacha, lakini.) Kemunto naye sasa alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, miguu imevimba, kila siku analia anamtaka mamake, na mamake haji.

Ikafika Nusu Shaabani. Mnajua usiku ule ulivyo, watu wanasoma Yasini baada ya magharibi, wanaomba, milango ya msamaha iko wazi, na Maalim wetu pale msikitini Kisii alikuwa ametuonya tangu Ijumaa kwamba rehema za usiku ule humfikia kila mtu ila mshirikina na mtu mwenye kinyongo na mwenziwe, basi nendeni mkatake radhi kabla jua halijatua. Alipotamka "kinyongo" aliangalia upande wangu. Labda alikuwa anaangalia saa ukutani, lakini mimi niliona ananiangalia mimi.

Nikamwambia Kemunto nakwenda Nyamache kumwomba mama yako radhi. Akaacha kuosha vyombo.

"Wewe? Hapana. Ngoja baba mdogo Mogaka akuje, yeye ndio atapeleka maneno. Kwetu mtu hawezi enda tu hivyo kwa mama ya bibi yake."

"Msamaha hautumiwi mtu, Kemunto. Na jua halimngoji Mogaka."

"Athumani, mimi nakuambia, iko mambo hujui..."

"Nitayajua huko huko," nikasema, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa sababu lau ningekaa kitako dakika tano nimsikilize, leo hamngekuwa na la kunicheka. Lakini mimi nani asikilize! Nikavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nikachukua sahani ya halua niliyoisonga mwenyewe, nikapata lori linalokwenda kuchukua ndizi, huyoo.

Nilifika soko limenoga, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mama mkwe nikamwona kwa mbali amekaa nyuma ya mikungu yake. Naye akaniona. Akavuta leso akajifunika kichwa, akainuka, akaanza kuondoka.

Nikasema ndani ya nafsi yangu, aa, mama, leo huniponyoki. Nikaongeza mwendo. Akaongeza mwendo. Nikaita, "Mama! Mama nisamehe!" na watu wakaanza kugeuka. Akapinda kwenye vyungu, nami nikapinda, akapita kwa wauza kuku, nami huyo, kanzu nimeikamata kwa mkono mmoja, sahani ya halua nimeiinua kwa mkono wa pili, nakimbia napiga kelele, "Mama, kabla jua halijatua! Nisamehe mama!" Sasa mtu asiyejua akiona mwanamume anamkimbiza mama wa watu sokoni atafikiri nini? Nikasikia nyuma yangu, "Mwizi! Mwizi!" na vijana wakaokota fimbo.

Ndipo nikateleza. Halua ikaruka ikatua juu ya kuku, nami nikaenda kwa tumbo, nikateleza mwendo mzuri tu, nikasimamia miguuni pa mama mkwe. Sijui ni shetani gani alinishauri, lakini nilijiambia, maadamu nimeshafika, nisirudi bure, nikaushika mguu wake kwa mikono miwili, akapiga yowe, akainama kuning'oa, nikaona mkono umekuja wenyewe, nikaushika nikaubusu. Kwetu mkono wa mama mkwe unabusiwa, ndiyo heshima yenyewe.

Soko zima likaacha kupatana bei. Hata kuku, nakuapieni, waliacha kudonoa halua. Wale vijana wa fimbo walikuwa wameshafika juu ya kichwa changu, mmoja ameinua mkono anipige, na mwanamke muuza vyungu akalia, "Wacha! Huyu si mwizi! Ni mkwe!"

Jamani, bora ningekuwa mwizi. Vijana walitupa fimbo wakarudi nyuma wamefunika macho, akina mama wakajifunika kanga, mzee mmoja akaketi chini akashika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba, na mama mkwe alikimbilia nyuma ya kibanda cha mahindi akaniachia kiatu kimoja mkononi. Mimi nimelala kwenye matope, kanzu nyekundu, nashangaa nimeua nani.

Mogaka, yule baba mdogo niliyekataa kumngoja, kumbe alikuwa papo hapo sokoni anauza ndama. Akanipeleka pembeni kwa wazee, hanitazami usoni.

"Kijana. Umeshika mama mkwe?"

"Mguu, baba. Na mkono kidogo."

Wazee wakaguna wote. Mogaka akanieleza taratibu, mbele za watu, yale ambayo Kemunto alitaka kuniambia asubuhi: kwamba kwao kuna chinsoni, haya kubwa ya ukweni, mama mkwe na mkwewe hawashikani mkono, hawakai pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha, na mama hawezi kwenda kukaa nyumbani kwa mkwewe akijiheshimu. Na aliyevunja analeta mbuzi wa kutakasa. Mzee mmoja wa kanisa la Sabato akapinga, akasema mambo ya mbuzi ni ya kizamani, yeye ameyaacha, akafikiri kidogo, akanitazama kanzu, akasema, "Lakini huyu alete."

Nilitaka ardhi ipasuke. Wenzangu mjini wanakwenda kufutiwa dhambi, mimi nimefunga safari kwenda kuongeza! Nikamwomba Mogaka, kwa machozi kabisa, amfikishie mama neno moja tu, kwamba nilikuja kutaka radhi kwa maneno ya mboga, anisamehe kabla ya magharibi. Mogaka akaenda mpaka karibu na kile kibanda. Mama alikuwa upande wa pili, ametupa mgongo, namwona mabega tu. Wakasema kwa Kikisii. Mabega yakaanza kutikisika, nikasema maskini, nimemliza mama wa watu.

Mogaka akarudi anajifuta macho. Alikuwa akicheka, na yule nyuma ya kibanda alikuwa akicheka vilevile.

"Anasema maneno ya mboga alisahau siku ile ile. Hata yeye alicheka huko jikoni. Anauliza, wewe ulikuwa umeyabeba mpaka leo?"

Ile kona ya barabara, ule uso aliokuwa akiugeuza, zile ndizi alizotuma kwa jirani: mwanamke yule alikuwa ananiheshimu kuliko alivyopata kuniheshimu mtu yeyote, nami nimekaa namhesabia chuki. Mwenye kinyongo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyejaa matope. Niliona haya kuliko nilipokuwa chini.

"Tena anasema," akaongeza Mogaka, "mlete msichana azalie hapa kwake. Wewe ubaki Kisii."

Jua lilikuwa linazama. Nikapata maji mtoni, nikatawadha, nikaomba kanga kwa muuza vyungu nikaifunga kiunoni, nikaswali magharibi pale kwenye majani, nikamwomba Mungu kwa moyo mwepesi. Mbuzi nililipa. Mtoto akazaliwa Nyamache, salama. Nami nikaapa kwamba mke wangu akisema "ngoja," nitangoja hata nyumba ikiwa inaungua.

Mama mkwe sijamsogelea tena. Lakini kila mwaka ukiandama mwezi wa Shaabani, hata sijafungua mdomo, hutokea mtu kutoka Nyamache amesimama mlangoni: "Mama anasalimia. Anasema mwaka huu pia amekusamehe. Usikuje."