Asubuhi Mimi ni Mzima

Kama kliniki ingekuwa inaona wagonjwa saa kumi jioni, nisingekaa nyumbani wiki mbili. Lakini daktari wa misuli na neva anakuja Alhamisi asubuhi, na asubuhi mimi ni mzima. Nikiamka macho yote mawili yako wazi, natafuna, naongea, nachana nywele hadi mwisho. Ni baada ya chakula cha mchana ndipo kope ya kushoto huanza kushuka. Ikifika saa tisa kila mstari wa ubaoni una pacha wake, sauti inatokea puani, na nikicheka mdomo haupandi. Unanyooka tu, meno nje, kama mtu anayekuchukia.

Mimi siongei sana hata nikiwa sawa. Niko kidato cha pili na kuna watu darasani hawajawahi kusikia sauti yangu. Kwa hivyo ilipoanza kupotea, hakuna aliyegundua.

Aliyegundua ni Deputi, yaani naibu wa mwalimu mkuu, na aligundua vibaya. Tulikuwa na hesabu, vipindi viwili mfululizo, baada ya lanchi. Akapita nje akasimama.

"Wewe wa dirishani. Umelala?"

"Sijalala, mwalimu."

Ilitoka kama ya mlevi.

"Rudia."

Nikarudia, na ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Sauti yangu iko hivyo, nikiitumia inaisha. Mmoja wa nyuma akasema, "Huyo amewaka!" na darasa zima likaangua kicheko. Nikajaribu kutabasamu nionyeshe hakuna shida, na tabasamu likafanya mambo yake.

"Unanikenulia meno?" akasema Deputi.

Ofisini aliniuliza ninavuta nini. Nikasema sivuti, mimi ni mgonjwa. Akasema sema kwa sauti. Nikasema tena. Akaniambia macho nusu, ulimi mzito na dharau juu, yeye si mgeni wa mambo hayo. Nikasema mara ya tatu, mimi ni mgonjwa, na hiyo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Enda nyumbani. Urudi na mzazi na barua ya daktari. Bila barua, nisione hiyo yunifomu hapa."

Mamangu ni fundi wa nguo pale Huruma. Hakunigombeza. Alininusa. Mdomo, vidole, sweta, polepole vile anavyonusa kitambaa kuona kama kimeungua na pasi. Afadhali angenichapa. Kesho yake asubuhi jicho lilikuwa wazi kabisa, na nikaanza kujiuliza kama kweli sijifanyi.

Alhamisi ya kwanza tuliamka mapema tukawa wa pili kwenye foleni. Mama alifurahi. Daktari, mwanamke mpole, akaniambia nifinye vidole vyake, niangalie juu, niangalie chini, nijaze mashavu hewa. Kila kitu kilikubali.

"Analala vizuri? Mitihani je? Naona ni stresi, mama. Apumzike."

"Mwambie daktari," mama akaniambia. "Si uko na mdomo? Sema!"

Nilikuwa nimejipangia kila neno usiku kucha. Nikaangalia viatu vya daktari nikasema, "Niko sawa."

Sijui kwa nini. Najua. Ni aibu. Nikiulizwa na mtu nisiyemjua, jibu langu ni hilo, hata ningekuwa nimevunjika mguu. Mama alitembea hatua tatu mbele yangu hadi tukafika nyumbani.

Wiki hiyo nilikaa karibu na cherehani yake, nikifumua nyuzi na kumsomea vipimo vya wateja kutoka kwa daftari. Wenzangu walikuwa darasani wananiacha nyuma. Siku ya tatu mama alikata kipande cha karatasi, akanishika kidevu, akapima uwazi wa jicho langu vile anavyopima tundu la kifungo, akatia alama kwa chaki. Akapima asubuhi, akapima nikishamaliza kusoma, akapima nikiamka usingizini. Akazitazama zile alama muda mrefu.

"Ikitumika inachoka. Ikilala inarudi," akasema. "Yawa! Na sisi tunaipeleka kwa daktari ikiwa imelala. Wiki hii tutaichokesha kwanza."

Alhamisi ya pili tulichelewa kwa makusudi. Tulikuta benchi limejaa. Mama akatoa kwa mfuko mahindi ya kuchoma ya jana, baridi, magumu kama kokoto.

"Tafuna."

"Mum, watu wanaangalia."

"Waangalie. Tafuna pande zote. Sasa hesabu, moja mpaka mia. Kwa sauti."

Ningeomba ardhi ipasuke. Nilianza kwa mnong'ono, akanifinya paja. Mzee mmoja aliyekuwa kando yetu, mguu kwenye bandeji, akamuuliza mama, "Huyu mtoto anafanya nini?"

"Anachoka, Mzee."

"Si angechokea nyumbani?"

Benchi zima likacheka. Lakini nilipofika sabini yule mzee akainua kidole. "Sitini na nne umeiruka. Rudi nyuma." Nikarudi nyuma. Kwa themanini sauti ilikuwa imeingia puani, na mahindi yamenikwama kwenye shavu kwa sababu taya limekataa. Tulikuwa tumebakisha watu wawili.

Hapo daktari akatoka kwenda kunywa chai.

"Usifunge macho!" mama akanishika mabega. "Nyathina, mwanangu, usinipumzikie sasa! Angalia balbu. Hesabu tena."

Nililia. Nilihesabu nikilia, mbele ya watu wote wale, makamasi yakitoka, nikimchukia mama, Deputi, mahindi na balbu. Kumbe kulia pia kunachosha.

Tulipoingia daktari aliniangalia mara moja tu akaweka kalamu chini. Akaniambia nitazame dari nisipepese. Kope ikashuka yote, na ya kulia ikaanza kuifuata. Akamtuma muuguzi alete barafu kutoka friji ya chanjo, wakaifunga kwa glavu na kuniwekea juu ya jicho dakika mbili. Walipoitoa, jicho likafunguka.

"Ndiyo hiyo!" mama akapiga kofi. "Hiyo hiyo!"

Daktari akatueleza taratibu. Ugonjwa unaitwa miastenia. Neva inatuma ujumbe kwa misuli, lakini kinga ya mwili wangu imekosea adui, inaziba mahali misuli inapopokelea. Mara ya kwanza ujumbe unafika, ukirudia unafika kidogo, baadaye haufiki. Hauambukizi. Damu itapelekwa maabara kubwa kuthibitisha, lakini tembe naweza kuanza. Na nikishindwa kumeza au kupumua, nikimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje Alhamisi.

"Kumbe ni mkanda," mama akasema. "Unakanyaga cherehani, mguu unaenda, mkanda unateleza, sindano imesimama."

Daktari akasema ni kama hivyo. Mimi nikawaza tu kwamba mkanda wa cherehani unanunuliwa mwingine.

Akiandika barua, daktari akaniuliza, "Wiki jana mbona hukuniambia?"

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi tulikuwa ofisini kwa Deputi. Alisoma barua mara mbili. Akaikunja, akamuuliza mama kama amekunywa chai. Kisha akanigeukia. "Na wewe, kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimemeza tembe. Macho yote wazi, sauti iko mahali pake. Mama akanitazama.

"Nilisema, mwalimu. Mara tatu."

Aliifungua barua tena, akaikunja. Halafu akasema niende darasani, kipindi kinaanza.

Mchana tulikuwa na hesabu tena. Tembe ilikuwa imeanza kuisha nguvu. Deputi alipita dirishani, akaniona, akaendelea na safari yake. Nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja ili mistari ya ubaoni iache kupandana, nikaendelea kunakili.

"Amewaka tena," akanong'ona yule wa nyuma.

Nilitaka kugeuka nimjibu, lakini ilikuwa saa tisa. Nikaandika jibu pembeni mwa daftari, maneno yote, nimwambie kesho saa mbili asubuhi.