Kisima cha Reinhold

Alvina Wetzel alikuwa na miaka sabini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuishi mahali pasiposikika upepo. Alizaliwa shamba la tatu kutoka hapo alipoishi sasa, akaolewa na Reinhold, akazaa mtoto mmoja, akakamua ng'ombe mpaka vidole vikapinda. Jumapili alipiga kinanda kanisani, na kila wimbo aliupiga kwa mwendo uleule wa polepole, wa harusi na wa maziko. Jumamosi saa tano asubuhi alikuwa jikoni akikata vidonge vya unga vya supu, na Reinhold alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba akilisha salamanda wake.

Kila masika, mvua ya kwanza ikinyesha, salamanda hutoka ardhini wakaanguka kwenye mashimo yaliyo nje ya madirisha ya chumba cha chini. Ni viumbe kama mijusi, lakini hawana magamba. Weusi, wanene, wenye mabaka ya manjano, na ngozi yao ina unyevu kama ulimi. Watu huwazoa kwa koleo wakawatupa majanini. Huyu mmoja Reinhold alimwacha, akamtengenezea sanduku la kioo, akajaza udongo mzito wa kujichimbia na sahani ya maji. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, na mnyama alikuwa bado yuko.

Reinhold alikuwa na taratibu zake. Hakumshika kwa mkono mkavu. Alimlisha nyungunyungu watatu, mara mbili kwa wiki, na kabla ya kumlisha aligonga kioo kwa pete yake ya ndoa: mara mbili, akanyamaza, kisha mara moja. Udongo ulipasuka taratibu na kichwa kipana kikatokea, mdomo ukiwa kama wa mtu anayetaka kucheka. Alishuka na kopo zima la nyungunyungu na kupanda na kopo tupu. Alvina aliliona hilo miaka yote, na hakuwahi kuuliza mnyama anayekula watatu anamalizaje kopo zima.

Mwezi wa tatu Reinhold alilazwa. Hakusema mengi, hakuwa msemaji hata akiwa mzima. Alivua pete, akamwekea mkewe kiganjani, akamwambia asiache kulisha kule chini. Alvina akaahidi. Siku mbili baadaye alikipiga kinanda kwenye maziko yake.

Kanisani jirani yake Leota alimtania kwamba sasa wamebaki wajane wawili nyumbani, mmoja ana mabaka. Alvina alicheka. Lakini ilipofika mwezi wa saba hakuwa na la kucheka, kwa sababu mnyama alikataa kula. Nyungunyungu walimpita puani naye akawatazama tu. Ngozi yake ilianza kuchambuka kama utando wa maziwa, na alitoka kwenye sahani ya maji kana kwamba maji yanamuunguza. Alvina alimbadilishia maji kila siku. Mnyama alizidi kunyong'onyea.

Ndipo ulipoanza mlio. Alikuwa akigonga kwa pete, na salamanda hatoki, lakini nyuma ya ukuta wa chumba kitu kiligusa saruji. Tup. Tup. Kisha kimya. Mchana mweupe, jua nje linakausha ngano, na yeye amesimama chini na kopo mkononi.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kisima cha mvua, shimo la saruji lililopokea maji ya paa tangu enzi za baba mkwe. Bomba la wilaya lilipofika mwaka uliopita, kila nyumba iliacha kisima chake. Mwanawe Duane alikuwa amekwisha agiza lori la kokoto alijaze shimo hilo siku ya Alhamisi, maana mfuniko wa nje umeoza na wajukuu wanakimbia juu yake.

Jumatano Alvina aliinua birika la maji ya bomba amimine sahanini, akasikia ile harufu kali ya dawa ya kusafishia maji, kama ya bwawa la kuogelea mjini. Akaliweka birika chini. Alikumbuka jinsi Reinhold alivyoendelea kuteka kisimani hata bomba lilipofika, naye akamwita mbishi. Kumbe hakuwa mbishi. Miezi minne yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa akimchoma yule mnyama.

Alivuta mpini wa pampu ya kisima, ikakohoa hewa. Hapakuwa na njia ila kidirisha cha mbao kilichokuwa juu ya ukuta, kikifungukia kisimani. Alipanda kigoda, akakifungua, akaingiza ndoo na tochi. Ndoo iligonga ukuta mara mbili, ikateleza, ikagonga tena.

Maji meusi yakatikisika. Kisha vikaanza kupanda vichwa vipana, vyeupe kama unga, kimoja, vitano, vingi. Hawa walikuwa salamanda wasiowahi kuacha maji: walikuwa na matamvua ya kupumulia shingoni, mekundu, yakipepea kama manyoya ya kuku. Walikusanyika chini ya kidirisha wakamtazama, vinywa wazi. Mmoja hakuwa na mguu wa mbele. Mwingine alikuwa na mkia wa mwenzake ukining'inia mdomoni. Miezi minne walikuwa hawajaletewa kitu.

Alvina hakupiga kelele. Alimwaga kopo lote la nyungunyungu.

Duane alifika Alhamisi na lori. Alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha jikoni, juu ya mfuniko uliooza, aproni bado kiunoni.

"Mama, toka hapo, utatumbukia."

"Nitatumbukia kwa baba yako."

Alvina alimpeleka kwenye chumba cha chini, akampa tochi. Duane alitazama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili. Mtu mzima, mkubwa kama fahali wa maonyesho, alizungumza kwa sauti ndogo.

"Wako wangapi?"

"Sijui. Nimeahidi kuwalisha, sijaahidi kuwahesabu."

Kokoto zilimwagwa njiani, penye matope. Duane alirudi na mbao, akafunika kisima kwa mfuniko mpya, mzito, wa kufuli.

Wiki ya tatu ya maji ya mvua, salamanda wa sandukuni alimeza nyungunyungu mmoja, kisha wa pili. Ngozi yake ikarudi kung'aa. Alvina akavaa pete ya Reinhold kwenye kidole gumba, kidole pekee ilichokitosha.

Jumamosi moja alichelewa. Vidonge vya unga vilikuwa vinamshika mikononi. Pete ilikuwa dirishani, kwenye kisosi. Saa tano ilipopita dakika chache, alisikia chini ya sakafu, upande wa kisima: mara mbili, kimya, kisha mara moja.

Alvina alifuta unga mikononi.

"Nakuja, mzee," alisema, akachukua kopo.