Uji wa Limi

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomnyima mama mkwe wangu mjukuu wake.

Tulikuwa Rwamgasa, miaka ya tisini. Mume wangu alichimba dhahabu; mimi nilibaki nyumbani na mama yake, tuliyemwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Alipika pombe ya ulezi, akiwauzia wachimbaji. Binti yangu wa kwanza, Limi, alikuwa ametoka kuugua surua, na kinywa chake kilijaa vidonda. Nikimpa uji mzito, anautema. Basi nikawa naongeza maji, kila siku zaidi ya jana, mpaka uji ukawa kama maji ya kuoshea vyombo. Huo aliunywa, nami nikaridhika. Sikuona kwamba mbavu zake zinahesabika.

Mayu aliona. Asubuhi hiyo aliniambia nipike uji mzito kama wa mtu mzima. Nilipouepua, akachota kijiko cha kimea, ule unga wa ulezi uliooteshwa na kuanikwa, aliokuwa akiutumia kwenye pombe yake. Nikamnyakua mtoto, nikasema mwanangu halishwi pombe. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia. Hasira hasara, shikamoo niliyompa alfajiri niliifuta kwa mdomo uleule.

Mayu hakugombana. Alisubiri ninyamaze, ndipo akasema, "Mama Limi, wewe humlishi mtoto. Unamwosha tumbo."

Yalinikata maini maneno hayo. Nikakaa. Uji ulipopoa kiasi cha kidole kuvumilia, akatia kimea, akakoroga taratibu. Ule uji uliokuwa unasimamisha mwiko ukaanza kulegea, kisha ukatiririka, na hakuwa ametia hata tone la maji. Akaurudisha motoni, ukachemka tena. Akanieleza kwamba unga ukipikwa hunywa maji ukavimba, ndiyo maana uji huwa mzito. Kimea huulegeza ule unga, lakini chakula kinabaki chote. Kuwa pombe ni mpaka uji huo ulale siku kadhaa, uchachuke. Akauonja kwanza yeye, akanipa nami. Ulikuwa na utamu kwa mbali.

Limi alikunywa nusu kikombe, akapumzika, akamaliza. Tuliendelea hivyo, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Hakunenepa kwa wiki moja, lakini kabla mvua hazijaanza alikuwa anasimama kwa kushika kigoda. Nilimwomba Mayu radhi mbele ya majirani walewale. Aliitikia tu, akanituma nikapepete ulezi.

Basi wewe uliyejifungua juzi, nisikilize. Mtoto akifikia umri wa kula, uji kushuka kooni si kushiba. Uliza kwanza una unga kiasi gani. Mtoto akidhoofu mpeleke zahanati, maana uji si dawa ya kila kitu. Na ukimwona mkubwa anafanya usilolielewa, muulize kabla hujampazia sauti. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Ila wazee nao hukosea, ndiyo maana nimesema uliza, sikusema nyamaza.

Mungu akukuzie huyo mtoto, ashibe mikononi mwako, naye aje akulishe uzeeni.