Kigeugeu na Ndugu Zake

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Mchana hushona sare za shule katika chumba chetu cha mbele. Jua likishazama hufunika cherehani, hubeba kiti uani na kutazama nyota moja tu. Nyota hiyo mara hung'aa, mara hufifia, ndiyo maana akaiita Kigeugeu.

"Nyota haipimwi peke yake," aliniambia mara nyingi. "Unaipima kwa ndugu zake."

Ndugu wenyewe ni nyota mbili za jirani zisizobadilika: Kaka Mkubwa, yenye mwanga zaidi, na Kitindamimba, iliyo hafifu. Kazi yake ilikuwa kuamua leo Kigeugeu kamkaribia nani kwa mwanga, kisha kuwatumia ujumbe wenzake wa chama cha watazama nyota. Sisi nyumbani tulimcheka. Yeye alisema heri umbea wa mbinguni kuliko wa mtaani kwetu.

Jioni moja akaniita, nikaacha vyombo kwenye beseni.

"Mwanangu, Kitindamimba kazimika. Nipe simu niwaambie wenzangu, mtu asije akaniwahi."

Nikatazama juu. Kitindamimba alikuwa pale pale. Nilitamani sana kunyamaza.

"Shangazi, ipo."

"Wapi?"

Akaushika mkono wangu, akaegemeza shavu begani kwangu na kufuata kidole changu. Tukakaa hivyo mpaka mkono ukaniuma. Halafu akasema simu hana haja nayo tena.

Daktari alisema ni presha ya macho. Imeyala yote mawili kwa mwendo mmoja, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kujaribu kuzuia, ila hakuahidi kitu.

"Hukuona dalili yoyote, mama?" akamuuliza shangazi.

"Kila asubuhi nilifumba jicho moja, nikalilinganisha na lenzake. Yalikuwa sawasawa."

Na nyota nazo zilimfifilia zote pamoja, kwa hiyo Kigeugeu alibaki katikati ya ndugu zake kama siku zote. Njia ile aliyojivunia ndiyo iliyomfichia ugonjwa. Tulipotoka nje akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye mshona nguo." Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Moyoni nilikuwa na hofu tupu.

Matone anatia, lakini hayajasaidia. Siku hizi namtungia uzi, na nguo akikosea nafumua mimi bila kumwambia. Wateja wamepungua. Hata Kaka Mkubwa sasa hamwoni.

Jana jioni alibeba kiti chake uani vilevile.

"Leo kamkaribia nani?"

"Kaka Mkubwa, shangazi."

Akainua uso juu. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Alirudia tena na tena.

"Bado yapo sawasawa," akasema, kisha akaanza kulia.